Marko Yote kwa Mdomo Mmoja

Najua nimepotea, msinilaumu, mambo yalibana ile mbaya. Tangu nifanye lile onyesho langu, kila ninayekutana naye, iwe kwenye foleni ya wali maharage au mlangoni pa daladala, ana swali moja kati ya mawili. La kwanza linaulizwa kwa sauti kubwa: "We dada, ulimezaje Marko yote?" La pili linaulizwa kwa kunong'ona, mtu akiangalia pembeni kwanza: "Eti ni kweli ulimwigiza Yesu?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo nimechemsha chai, maandazi yako pembeni, najibu wote kwa mpigo. Ni ndefu kidogo. Mwenye pindi saa hii aende kwanza, akirudi atanikuta.

Kwa ambao hawakuwepo: niko mwaka wa tatu, sanaa za maonyesho. Mradi wetu wa mwisho ni onyesho la mtu mmoja. Unapewa ukumbi, taa na jioni moja, halafu walimu wanakaa mstari wa mbele na kalamu zao. Wenzangu wengi waliandika vitu vyao wenyewe, na vingine vilikuwa vikali kweli. Mimi nilichukua Injili ya Marko kuanzia aya ya kwanza, kwa Kiswahili cha Biblia ya Union Version, ile iliyotoka 1952, ambayo wengi wetu tumekua tukiisikia kanisani. Sikuongeza neno langu hata moja. Nilikuwa na meza, viti viwili, glasi ya maji, kanga moja na Agano Jipya dogo la mfukoni.

Wazo lenyewe sikuliota usingizini. Mwaka jana tulikuwa tunamsoma Ebrahim Hussein. Kila mtu anaijua Kinjeketile yake ya 1969. Ila mwaka 1976 alitoa kitabu chembamba chenye kazi mbili, Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, na humo hakuna kundi la waigizaji. Kuna msimulizi mmoja anayebeba kila kitu, kama bibi anavyobeba ngano usiku: yeye ndiye zimwi, yeye ndiye mtoto, yeye ndiye upepo, na bado ni bibi yako. Mwalimu wetu akatuambia tusije tukadhani kwamba mtu mmoja jukwaani ni kitu kilicholetwa na meli. Halafu papo hapo, kama anatutania, akatutajia Mwingereza.

Mwingereza mwenyewe ni Alec McCowen. Alizaliwa 1925, akafariki 2017 akiwa na miaka 91. Waliotazama sinema za zamani watamkumbuka kwenye Frenzy ya Alfred Hitchcock, ya 1972, yeye ndiye yule polisi mkubwa ambaye mkewe anampikia vyakula vya kifahari visivyolika. Jukwaani alikuwa mkubwa zaidi. Sasa huyu bwana, Januari 1978, akiwa na miaka 52, alisimama pale Riverside Studios, London, akaisema Injili ya Marko yote kwa kichwa, kwa Kiingereza cha Biblia ya King James, ile ya 1611. Hakuvaa joho, hakubandika ndevu. Alijiandaa mwenyewe na kujiongoza mwenyewe. Ungedhani wangekuja wazee wa kanisa ishirini na paka mmoja. Lakini wapi! Onyesho likahamia Mermaid Theatre, likaenda Comedy Theatre, na mwaka huo huo likavuka bahari mpaka New York. Mwaka 1979 akatajwa kuwania tuzo ya Tony kwa kazi hiyo. Baadaye, 1984, akaandika kitabu kizima, Personal Mark, kuhusu alivyoishi na maandiko hayo.

Kilichonikaa kichwani si tuzo. Ni kwamba watu walitoa hela zao mfukoni kwenda kusikia kitu ambacho wengi wao wanacho nyumbani bure, kwenye droo, chini ya chaja mbovu na kadi za harusi. Nikajiuliza walikuwa wanafuata nini.

Usiku huo nikafungua Marko. Kanisani tunamsikia kwa vipande: aya kumi Jumapili hii, aya nane Jumapili ijayo, katikati kuna matangazo ya harusi na mchango wa bati. Kumsoma kwa pumzi moja ni kitu kingine kabisa. Nilianza saa nne usiku, na kabla ya saa sita nilikuwa nimemaliza, nimekaa kitandani macho makavu kama nimekunywa kahawa ya Kariakoo.

Jamani, Marko ana mbio! Hana habari za kuzaliwa, hana mamajusi wala hori. Anaanza na watu wazima mtoni, na tangu hapo hakuna kupumzika. Lile neno la Kigiriki ambalo sisi Biblia yetu inalitafsiri sehemu nyingi kuwa "mara" linatokea kama mara 40 kwenye kitabu kifupi vile. Mara huku, mara kule, mara mtu kapona, mara watu wamekasirika. Halafu katikati ya mbio anakupa kitu kidogo ambacho mtunzi wa kawaida asingehangaika nacho. Kwamba Yesu alipolala chomboni wakati wa dhoruba kulikuwa na mto wa kulalia. Kwamba majani waliyokalia wale watu elfu tano yalikuwa mabichi. Kwamba usiku wa kukamatwa kuna kijana mmoja alikimbia uchi, akawaachia nguo yake mikononi. Nani yule? Hatuambiwi, na haonekani tena.

Kuna mapokeo ya kale sana, yanatoka kwa askofu Papia wa mwanzoni mwa karne ya pili, kwamba Marko alikuwa mkalimani wa Petro na aliandika yale aliyomsikia mzee akiyakumbuka. Wataalamu wanabishana, waacheni wabishane. Ila ukiisema injili hii kwa sauti unaelewa kwa nini watu waliamini hivyo. Inasikika kama mtu anayesimulia. Na zama zile wengi hawakujua kusoma. Mmoja alikuwa anasoma, waliobaki wanasikiliza. Marekani yuko mwanazuoni anaitwa David Rhoads, ambaye 1982 aliandika na Donald Michie kitabu cha kumsoma Marko kama hadithi nzima, na yeye mwenyewe amekuwa akiisema injili hiyo kwa kichwa mbele za watu. Kwa hiyo kuisema Marko kwa mdomo si kuichezea. Ni kuirudisha ilikokuwa.

Sasa jibu la swali la kwanza, ulimezaje. Marko ana aya 678. Mimi ni mtu ambaye namba yangu mwenyewe ya simu huwa naitafuta kwenye daftari. Nilinunua kalamu za rangi nne, nikabandika makaratasi ukutani mpaka chumba kikafanana na kituo cha kupigia kura. Rumeti wangu akavumilia siku tatu, ya nne akashindwa.

Rumeti wangu ni mtoto wa Pemba. Chuoni alipelekwa na miaka mitano, na mpaka leo amehifadhi juzuu 12 kati ya 30 za Qur'ani. Mimi Mlutheri wa kwaya, yeye swala tano, na tumeishi chumba kimoja miaka mitatu tukigombana kuhusu feni tu. Akayatazama makaratasi yangu, akatikisa kichwa.

"Mwenzangu," akasema, "hicho kitabu unakitazama tu. Kuhifadhi si kazi ya macho. Funga, useme."

Akanipangia kama alivyopangiwa na ustadhi wake. Aya tatu alfajiri, mara ishirini kwa sauti. Kabla ya hizo mpya, kudurusu za jana. Kabla ya za jana, za wiki nzima. Ijumaa jioni, zote tangu mwanzo. Aya tatu kwa siku, pigeni hesabu, ni kama miezi saba na nusu. Yeye anakaa kitandani kwake na Biblia yangu mapajani, anafuatilia kwa kidole, na nikiruka hata "na" moja anapiga godoro: "Rudi." Hakuwa na huruma hata kidogo. Nikimwambia maana haijabadilika ananijibu, "Mimi sikukuuliza maana, nimekuuliza neno." Mwezi wa tano nikaanza kusikia aya zinakuja zenyewe nikiwa nafua.

Huyu huyu rumeti ndiye aliyenipa kitu kikubwa kuliko kumeza. Usiku mmoja nilikuwa najaribu sauti za wahusika. Ya Petro ikakubali, ya Herode ikakubali. Nikajaribu ya Yesu, ile nzito, ya taratibu, kama ya sinema za Pasaka. Rumeti akaanguka kicheko. "Huyo nani anaumwa kifua?" Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Alipotulia akasema, "Sisi kwetu msomaji hajifanyi yeye ndiye mwenye maneno. Anayafikisha tu." Halafu akalala zake, akaniacha macho juu darini.

Basi bwana, mwezi wa sita habari zikafika feloshipu.

Nilikuwa katibu wa kwaya tangu mwaka wa pili, na kulikuwa na nyimbo mbili nilizokuwa naanzisha mimi. Siku moja baada ya ibada nikaitwa pembeni. Viti vinne vya plastiki, viongozi watatu na mimi. "Bwana asifiwe, dada." "Amina." Walizungumza kwa upole, na sitaki kuwapaka matope, hoja zao hazikuwa za kijinga. Walisema Neno si mchezo. Walisema ukumbi ule wiki iliyopita ulikuwa na wachekeshaji. Kisha wakafika walikokuwa wanaelekea: dada, wewe mwanamke, utasimama mbele za watu useme "mimi" kwa maneno ya Bwana?

Nikawakumbusha kwamba kila Pasaka tunamvika kaka mmoja wa uhandisi ndevu za katani, tunambebesha msalaba wa mbao za mradi, na kila mtu anapiga picha. Wakasema, "Ile ni huduma." Nikauliza tofauti iko wapi. Wakasema tofauti ni nia. Nikasema nia yangu wanaijuaje. Hapo upole ukapungua.

Kisha ikaja kali ya mwaka. Nilishawaeleza kwamba ningeishia sura ya 16 aya ya 8. Ndugu mmoja, msomi wa mahesabu, alikuwa kimya muda wote anaandika kwenye kipeperushi. Akainua kichwa, sura imembadilika. "Dada. Ukiishia hapo, aya zote jumla ni 666."

Kimya. Wengine wawili wakanitazama kama mkia umeanza kunitoka. Na ni kweli, wadau, jumlisheni wenyewe, inatoka hiyo hiyo. Nikacheka, na nilicheka peke yangu. Nikamwambia namba za aya hakuziweka Marko, zilichapwa 1551 na mchapaji wa Kifaransa, Robert Estienne, miaka elfu moja na mia nne na ushee baada ya Marko. Haikusaidia.

Kwa nini aya ya 8? Kwa sababu nakala mbili za Kigiriki zinazoheshimika sana, Sinaiticus na Vaticanus, zote za karne ya nne, zinaishia pale. Aya 12 zinazofuata kanisa limezisoma tangu zamani, sina ugomvi nazo, lakini wataalamu wengi wanaona ziliongezwa baadaye. Na mtu wa jukwaa akiuona ule mwisho wa aya ya 8 hawezi kuuacha. Wanaume wote wameshakimbia. Wamebaki wanawake watatu, Maria Magdalene, Maria mama wa Yakobo, na Salome. Wanakuja kaburini alfajiri, wanakuta jiwe limeviringishwa, wanaambiwa waende wakawape habari wenzao. Wanakimbia wakitetemeka na hawamwambii mtu, kwa hofu. Basi. Kitabu kimekwisha, mlango umefungwa usoni mwako.

Uamuzi ukawa huu: nikifanya onyesho, ukatibu niuache, na kwaya "nipumzike kwanza". Nikapewa siku mbili. Nikampigia mama. Mama akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha, kisha akasema, "Mwanangu, mimi naogopa. Lakini mimi si wewe." Mpaka leo sijui kama hiyo ilikuwa ruhusa.

Siku mbili zile sikulala vizuri. Lile swali lao, ukiondoa mahesabu ya 666, lilikuwa swali la kweli: nikisema maneno yake, mimi ni nani? Nikarudi kwa Hussein na msimulizi wake. Bibi akisema maneno ya zimwi, hakuna mtoto anayeondoka akidhani bibi ni zimwi. Nikarudi kwa rumeti na neno lake, kufikisha. Nikabadilisha vitu kadhaa. Pepo, Pilato, umati, Bartimayo akitupa vazi lake, hao nitawaigiza kwa mwili wote, kanga itaruka. Maneno ya Yesu nitayasema kwa sauti yangu hii hii ya kila siku, nikiwatazama watu. Na sura ya 15 sitanyoosha mikono msalabani. Nitakaa kwenye kiti, mikono magotini, niseme.

Barua yangu ya kuacha ukatibu ilikuwa na mstari mmoja. Kuiandika kulikuwa rahisi. Ngumu ilikuwa Jumapili iliyofuata, kukaa benchi la nyuma na kusikia wimbo niliouanzisha miaka miwili unaanzishwa na mtu mwingine, tena vizuri. Nikaimba nao kutoka kule nyuma, besi la pembeni likanigeukia kama mimi mgeni. Nikatoka kabla ya matangazo.

Haya, siku ya siku. Ukumbi ukajaa, na si watu wa sanaa tu. Rumeti alileta kundi zima la wenzake wa Pemba na Unguja, wakakaa mstari wa tatu. Akina mama wa kantini walikuja na kanga zao. Nikatoka, nikaweka Agano Jipya mezani, nikanywa maji kidogo, nikaanza.

Kitu ambacho sikukitarajia ni kicheko. Watu walicheka, wadau! Wanafunzi wa Yesu wameshaona watu elfu tano wamelishwa, wameshaona elfu nne, halafu wako chomboni wanahangaika kwamba mkate ni mmoja tu. Ukumbi ukavunjika. Kanisani tunaisikia hiyo tukiwa tumekunja mikono. Nilipofika kwa yule mama aliyetokwa damu miaka 12, ambaye alitumia vyote alivyokuwa navyo kwa waganga na hali ikazidi kuwa mbaya, mama mmoja wa kantini akasema kwa sauti, "Eeeh!" na mwenzake akamjibu, "Si ndiyo hao hao!" Sikuwa nimeweka kituo pale. Nikasimama, nikawasubiri wamalize, nikaendelea. Kwenye mapokeo yetu ngano haina msikilizaji bubu, nami nikaona Marko anakaa humo bila kubanwa.

Sura ya 13 ni ndefu, na mwalimu mmoja alinidokeza baadaye kwamba alipiga miayo. Ukweli mtupu. Ila sura ya 14 jogoo alipowika mara ya pili na Petro akalia, niliona mstari wa tatu hakuna anayetikisika. Rumeti alikuwa ananifuata kwa midomo. Hana imani yangu, lakini anaijua Marko kuliko wanakwaya wengi, na bado alikuwa analinda zile "na" zangu.

Nikakaa kwenye kiti kwa sura ya 15. Nikasimama kwa sura ya 16. Nikafika aya ya 8, nikasema neno la mwisho, nikafunga mdomo.

Mpango wangu ulikuwa kuhesabu mpaka kumi kimoyomoyo, halafu nitoke. Nikafika sita. Kutoka nyuma kabisa ikaja sauti ya mwanamke:

"Halafu?"

Ni yule mama wa chapati wa geti la nyuma, mnamfahamu. Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Hakuwa anatania. Alikuwa amesimama. "Halafu wakamwambia nani?"

Mimi maneno yangu yalikuwa yamekwisha. Nilishaahidi kutoongeza hata moja. Tukatazamana na yule mama ukumbi mzima ukiwa katikati yetu. Sijawahi kusikia watu wengi vile wamenyamaza hivyo. Nikachukua kitabu mezani, nikashuka, nikapita katikati ya watu mpaka mlangoni, nikatoka nje. Makofi yalichelewa, nikayasikia nikiwa kwenye ngazi.

Maksi nimepata za kutosha, tusiende huko. Wawili wa feloshipu walikuja. Mmoja aliondoka katikati, sijui kwa sababu ya onyesho au ya choo. Yule wa mahesabu alikaa mpaka mwisho, akaja nje akanipa mkono, akaushika muda mrefu, hakusema neno. Kwaya bado "napumzika". Hakuna aliyeniita, na mimi sijabisha hodi. Inauma, sitawadanganya. Kila Alhamisi jioni wakifanya mazoezi nasikia mpaka dirishani kwangu.

Asubuhi yake nilikwenda kunywa chai geti la nyuma. Mama wa chapati akanikazia macho.

"Mwanangu, jana umeninyima usingizi. Wale wanawake!"

"Walinyamaza, mama. Ndivyo kinavyoishia."

"Walinyamaza wapi!" Akageuza chapati kwa vidole, haogopi moto yule. "Wangenyamaza, hiyo habari wewe ungeipatia kwa nani? Waliogopa, sawa. Mtu unaogopa, unakaa, unatulia, halafu unasema. Lete hela yangu ya jana kwanza."

Miezi saba na nusu nimebeba kile kitabu kichwani, nimesoma habari za nakala za karne ya nne, na hilo nikaja kuambiwa na mtu mwenye unga mpaka kwenye viwiko. Kama wale watatu wangebaki kimya moja kwa moja, Marko asingekuwa na cha kuandika, McCowen asingekuwa na cha kusema London, na mimi nisingekuwa na mradi. Mahali fulani baada ya aya ya 8 mwanamke alifungua mdomo. Laiti ningekuwa na hilo siku ile ya viti vya plastiki, waliponiuliza mwanamke atasemaje.

Kwa hiyo majibu kwa kifupi, mkutane nayo hapa msinisimamishe tena kwenye foleni. Ulimezaje? Aya tatu kwa siku, kwa mdomo, na mtoto wa Pemba anayepiga godoro. Ulimwigiza Yesu? Hapana. Nilimsimulia, kwa sauti yangu, na nikanyamaza pale kitabu kiliponyamaza.

Kuna mchungaji mmoja wa usharika wa mtaani amesikia, ameniomba nikaseme kwake likizo ikianza. Anauliza kama naweza kuongeza zile aya 12. Nimemwambia nafikiria. Rumeti ameshasema kama nitaongeza, basi zinahifadhiwa upya kuanzia alfajiri ya kesho, tatu tatu, hakuna msamaha.

UE zinakaribia na desa sijazigusa. Niombeeni, kila mtu kwa dini yake. Na mwenye kudaiwa na mama wa chapati akalipe, yule anakumbuka kuliko sisi wote.

Nawasilisha.